Jibu: Harusi Desemba, kazi na masomo Moshi

Pole na hongera kwa pamoja, dada. Umeuliza kama utamudu harusi ya Desemba hapa Moshi wakati mchana uko dukani, jioni uko darasani, na mitihani ni Februari. Kumudu utamudu, ila mwezi huo ningeuogopa. Wachaga wote wamerudi nyumbani kwa Krismasi, kumbi zimeshikwa tangu mapema, na mbuzi wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, utamsikia bei ukae chini. Mimi nilifunga ya kwangu Septemba nikiwa mwaka wa pili, nikahesabiwa mkaidi na shangazi zangu mpaka leo.

Kinachomaliza mtu ni kamati ya harusi. Vikao kila Jumapili, soda za wajumbe juu yako, halafu ahadi nyingi za michango mdomoni. Sisi tuliahidiwa milioni nane, mkononi zikaingia tano na kidogo, na tayari tulishamlipa mpishi kwa hesabu ya nane! Bajeti ipange kwa pesa iliyokwisha ingia tu, ya ahadi iongezee vinywaji. Mweka hazina asiwe ndugu unayeona aibu kumdai risiti.

Notisi ya ndoa msiisahau, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka siku 21 kabla. Kanisani nako kuna matangazo, muulizeni mchungaji mapema.

Sendofu, sherehe ya kukuaga kwenu, unganisha na kicheni pati, ile ya kina mama kukufunda, kama mama atakubali. Wa kwangu alikataa, nikamwachia agharamie mwenyewe.