Kielelezo Kimetua Salama: Je, Chombo Kamili Kimethibitika?

SWALI: Shikamoo, Mhandisi. Sisi ni wanafunzi wa Moshi. Tumeunda kwa povu gumu kielelezo cha ndege ya anga za juu, chenye urefu wa mita 1 na uzito wa gramu 600. Tulikiachia kutoka kwenye droni, kikatua salama uwanjani. Mkufunzi wa semina tuliyoilipia anasema umbo limethibitika, kilichobaki ni kulikuza mara 10. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na hapa Arusha sipitishi muhula bila kuulizwa jambo hili.

Urefu ukizidishwa mara 10, eneo la mabawa huongezeka mara 100, lakini ujazo, na uzito pamoja nao, huongezeka mara 1,000, hivyo kila kipande cha bawa hubeba uzito mara 10 na chombo hulazimika kwenda kasi zaidi. Kielelezo chenu kinawakilisha chombo cha kilo 600, ilhali chombo cha mita 10 chenye magurudumu, betri na kinga ya joto kitakuwa na tani kadhaa. Mkikusudia tani 6, kielelezo kiwe na kilo 6, tena zikiwa zimepangwa mahali pake, na hata hapo chombo kamili kitagusa ardhi kwa mwendo unaozidi mara 3 ule wa kielelezo hicho cha kilo 6.

Hata ukubwa kamili hauthibitishi kila kitu. Mwaka 1977 Wamarekani walikibeba chombo chao cha majaribio cha anga za juu, Enterprise, mgongoni mwa ndege ya Boeing 747 mara 5 bila mtu ndani, kisha mara 3 kikiwa na marubani, ndipo wakakiachia mara 5. Mara 4 kilitua vizuri kwenye ziwa lililokauka. Mara ya tano, tarehe 26 Oktoba, kwenye njia ya zege, kiligusa chini, kikadunda na kuyumba huku na huku, kwa kuwa mitambo ilichelewa kuufuata mkono wa rubani Fred Haise, naye akawa anasahihisha yumbo lililokwisha kupita. Mkufunzi wenu angekuwapo, angefunga daftari baada ya mara ya nne. Isitoshe, Enterprise haikuwa na kinga halisi ya joto: ilipima ukaribiaji na utuaji tu, na hakuna aliyedai zaidi.

Wanaouza semina hizi hupenda video ya kutua kwa sababu inavutia wateja. Kabla ya kulipa tena, ombeni jedwali la uzito, kitovu cha uzito, kasi ya upepo na idadi ya majaribio yaliyoshindikana. Mkufunzi asipokuwa nalo, fedha hiyo nunueni kifaa cha kurekodia mwendo.