Jibu: Nukuu za mwanapatholojia wa limfoma zinavyohesabiwa

Habari za Tabora, ndugu yangu. Umekwama hapa: unaandaa wasilisho la chuo kuhusu Nancy Lee Harris, mwanapatholojia wa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), unatafuta "NL Harris" kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, na jumla ya nukuu, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa na watafiti wengine, haieleweki.

Nami nilikwama hivyo hivyo hapa Kigoma nilipomfuatilia Elaine Jaffe, mwanapatholojia mwingine wa limfoma. Anza na majina. Jina la ukoo na herufi za mwanzo tu huzoa watu kibao, hata wasiojua limfoma ni nini, kwa hiyo ongeza neno "lymphoma" ndipo utafute.

Kisha chukua kauntabuku uchore safu tatu: mwaka, jarida, nafasi yake kati ya waandishi. Safu ya tatu ndiyo iliyonifumbua macho. Makala ya Jaffe ya 1974, iliyoonyesha kuwa limfoma ya folikuli hutokana na seli B (aina ya chembe nyeupe za damu), ni ugunduzi wa maabara. Mpangilio wa limfoma wa 1994 katika jarida la Blood, Harris akiwa jina la kwanza, ni makubaliano ya wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani. Watafiti waliunukuu kila walipotaja aina ya ugonjwa, ndiyo maana nukuu zake ni nyingi mno. Usizipime kwa mizani moja, tafadhali.

Kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch 2005, kikiwa 40 maana yake makala 40 zimenukuliwa angalau mara 40 kila moja. Makala iliyonukuliwa mara elfu humo huhesabiwa moja tu, basi itaje peke yake.

Kuhusu Scopus, hifadhidata nyingine ya nukuu, waulize wanaoitumia.