Unataka usoja? Pushapu baadaye, kalamu kwanza

Wiki hii kijana mmoja ameniandikia. Amemaliza kidato cha nne, anakimbia kila alfajiri, na anauliza kama mwili wake unatosha kuajiriwa ulinzi Nairobi. Mwili unatosha, ndugu yangu. Mwandiko je?

Nianze na karatasi tuzimalize. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, unakiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, halafu unachapisha fomu ya C24 na kwenda nayo kupigwa alama za vidole Huduma Centre. Fomu hiyo ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Ukienda na karatasi mbili utarudishwa na nauli imekwisha. Pia, sheria ya usalama wa kibinafsi ya 2016 inataka mlinzi awe amefunzwa na kusajiliwa na PSRA, mamlaka inayosimamia ulinzi wa kibinafsi. Kwa hiyo kabla hujalipia chuo chochote, hakikisha kinatambuliwa na mamlaka hiyo. Kuna vyuo ambavyo kazi yake kubwa ni kuuza magwanda.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio ya zamu.

Wengi huandika hivi: "Usiku kulikuwa na fujo kidogo lakini tulitatua." Fujo ya nani? Saa ngapi? Nani alitatua? Wakili akiisoma hiyo mahakamani, wewe ndiwe utakayeonekana mshukiwa. Linganisha na hii: "2140hrs. Probox nyeupe imefika geti B. Dereva amekataa kufungua buti. Ameelezwa utaratibu, akakataa tena. Ameondoka 2144hrs kuelekea barabara kuu. Msimamizi amearifiwa kwa redio 2145hrs." Chini yake namba ya gari, jina, namba ya kazi, sahihi. Andika ulichoona na ulichofanya. Ulichodhani kaa nacho.

Saa ndiyo huangusha wengi. Sisi tunasema saa mbili usiku, mkono unaandika 0200hrs kwa mtindo wa saa 24 wa OB. Hiyo ni saa nane usiku, na tayari umehamisha tukio kwa saa sita. Saa mbili usiku ni 2000hrs. Ukikosea, usifute wala kupaka rangi nyeupe: piga mstari mmoja neno lisomeke, andika neno lililo sawa pembeni, tia saini. Usiruke mstari pia, maana nafasi tupu ni mwaliko wa mtu kuongeza maneno yake baadaye. Ili ujizoeze, nunua daftari, kaa karibu na stegi ya matatu saa nzima, andika kila gari linaloingia na kutoka. Kesho yake mpe mtu asome. Akikuuliza swali, hapo ndipo palipo na kosa.

Kupokea zamu nako kuna mitego yake. Yule wa usiku ana usingizi, wewe umecheleweshwa na matatu, mnapeana mikono na kusaini. Hapana. Hesabu funguo moja moja ukilinganisha na orodha. Washa tochi. Jaribu redio kwa kuita kituo na kusubiri jibu, kwa sababu taa kuwaka si ushahidi kuwa inasikika. Zungukeni pamoja mkaguse kufuli. Dirisha lililovunjwa saa tisa usiku litakuwa lako ukisaini saa kumi na mbili asubuhi bila kuliona.

Redio nimeitaja kwa sababu. Tarehe 7 Agosti 1998, walinzi wa kampuni ya kibinafsi kwenye lango la nyuma la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi walikataa kuwapisha waliokuja na lori la mabomu. Mmoja alijaribu kuomba msaada: simu ilikuwa inatumika, na redio ilikuwa na masafa mamoja tu, nayo yalikuwa na mtu. Mtu anayepigia wenzake soga kwenye redio anajiona mchangamfu, kumbe ameziba njia ya anayeomba msaada. Bonyeza, subiri sekunde moja ndipo useme, sema kifupi, achia.

Kukagua gari: dereva azime injini na afungue mwenyewe boneti na buti. Wewe usiguse, la sivyo simu yake iliyopotea utaulizwa wewe. Mmoja anakagua, mwingine anasimama hatua kadhaa nyuma akitazama watu na mikono yao. Kioo cha chini kipitishwe pande zote nne polepole, na mahali pa tairi la spea paangaliwe. Mwanamke hukaguliwa na mwanamke.

Ukimkamata mwizi, kumbuka wewe si polisi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 34 na 35, inakuruhusu kumkamata kama raia na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia stoo "aseme ukweli" ni kosa lako, na kofi moja linaweza kugeuza kesi yake kuwa yako.

Moto: vuta pini ya mtungi wa kuzimia, lenga chini kabisa ya moto, minya, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa unga wa kilo 9 haufiki hata nusu dakika, basi usiupoteze kwenye moshi. Wa kaboni dayoksaidi hauna geji, hupimwa kwa uzito, na pembe yake usiishike kwa mkono mtupu: inaunguza kwa baridi. Maji kwenye umeme, usithubutu.

Viatu: jaribu buti jioni miguu ikiwa imevimba, maana utasimama kwa muda wa saa kumi na mbili.

Kwa wanaoitazama Dubai: cheti cha Kenya hakikuingizi langoni kule. Utafunzwa upya na kufanya mtihani wa SIRA, mamlaka ya ulinzi ya Dubai, na Abu Dhabi ina utaratibu wake. Kiingereza cha kuripoti tukio ndicho kinachopimwa kwenye usaili. Wakala awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uusome kabla ya kutoa hata shilingi: mshahara wa msingi bila ovataimu, nani analipia malazi, nani analipia leseni. Akikuambia mkataba utausoma ukifika, chukua pasipoti yako utoke.