Gari la zamani likigoma kuwaka: sikiliza kwanza, spana baadaye

Mteja akikupigia simu kwamba gari "haliwaki", bado hajakueleza kitu. Kuna gari ukigeuza funguo ni kimya kabisa. Kuna linalogonga "tak" moja tu na kunyamaza. Kuna linalopiga tak-tak-tak mfululizo huku taa za dashibodi zikififia. Na kuna lile ambalo stata (mota inayozungusha injini iwake) inazunguka vizuri mpaka betri inachoka, injini haishiki. Hizo ni shida nne tofauti, na anayezichanganya ndiye anayemnunulisha mteja betri mpya asubuhi na stata jioni, halafu gari linabaki palepale.

Nyinyi mnaoanza gerejini nitawaelezea kupitia Corolla za AE100, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1991, zenye injini ya 5A-FE. Bado zipo tele mtaani, hazina kompyuta nyingi za kukuchanganya, na ukizielewa hizo, magari mengi ya rika lake utayaingia bila woga.

Kabla ya kufungua boneti, uliza. "Mzee, mara ya mwisho limewaka lini? Baada ya hapo limeguswa na nani?" Utashangaa majibu. Limeoshwa injini jana. Limefungwa redio mpya. Betri ilitolewa ikachajiwe. Gari lililolala likiwa zima na kugoma baada ya kuoshwa injini, usihangaike na pampu: maji yameingia kwenye distribyuta (kile kinachogawa moto kwa plagi) au yamejaa kwenye mashimo ya plagi. Fungua kifuniko cha distribyuta, kausha kwa kitambaa kisafi na upepo wa kompresa, rudisha. Uliza pia kuhusu alamu. Magari haya mengi yamefungwa alamu za mtaani, na aliyefunga alikata waya wa stata au wa swichi ili aupitishe kwenye rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme). Rilei hiyo ikifa, gari linakufa nayo. Wengine walificha kabisa swichi ya kukata moto chini ya usukani, kisha gari likauzwa na mnunuzi hakuambiwa.

Sasa tuje kwenye stata isiyozunguka. Washa taa kubwa, mwambie mtu apige stata, wewe simama mbele ya gari uangalie taa. Zikizima kabisa, umeme unakwama njiani: tamino (kibano kinachoshika nguzo ya betri) imelegea, ina kutu, au betri imekwisha. Zikififia na stata ikajivuta kwa tabu, betri imechoka. Zikibaki na mwanga uleule na stata haifanyi chochote, betri iache. Tatizo ni stata yenyewe au waya unaoiamrisha. Kama gari ni otomatiki, kabla hujaenda mbali peleka gia kwenye N ujaribu tena. Swichi ya gia ikichoka, gari hugoma kwenye P na kuwaka kwenye N.

Ukiwa na multimita, betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 hiyo ni tupu, hata kama redio inaimba. Lakini namba ya betri iliyopumzika inadanganya. Pima wakati stata inapigwa: ikishuka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri haibebi mzigo, au stata inanyonya kupita kiasi.

Halafu kuna kipimo ambacho vijana wengi hawakifanyi, nami nakipenda kuliko vyote. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi ya hasi, ile nguzo yenyewe, si kwenye tamino iliyoishika. Ncha nyingine igusishe chuma kisafi cha injini. Piga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi au maungio yake yamechoka. Tamino inaweza kuonekana safi kwa juu na ndani ikawa na unga mweupe uliotanda kati yake na nguzo. Ifungue, isugue mpaka risasi ing'ae, fuata pia ule waya mpaka unapofungwa kwenye gia boksi na kwenye bodi. Nati ya huko chini hujaa matope na oili na watu huisahau miaka nenda rudi.

Ile "tak" moja yenye nguvu, betri ikiwa nzima, kwenye Toyota mara nyingi ni vipande vya shaba ndani ya solinoidi ya stata (swichi yake ya sumaku). Vinalika. Mwenye gari atakuambia, "Huwa nageuza funguo mara kadhaa, halafu linakubali." Sentensi hiyo ndiyo jibu. Fungua stata, badilisha shaba na plenja yake (chuma kinachosogea na kuzigusa) kama imelika, rudisha. Hakuna haja ya stata nzima ya mtumba ambayo nayo huenda ina shaba zilezile zilizolika. Kuigonga stata kwa spana ya magurudumu kutamfikisha mtu nyumbani, lakini usimwambie umetengeneza.

Likizunguka bila kushika, sikiliza mzunguko wenyewe. Injini nzima huzunguka kwa kubana na kuachia. Ukisikia inakimbia laini, kwa wepesi usio wa kawaida, shuku mkanda wa taimingi. Kwenye 5A-FE, distribyuta inazungushwa na kemshafti (mhimili wa valvu unaoendeshwa na mkanda huo), kwa hiyo vua kifuniko chake, mtu apige stata, wewe tazama rota, kile kidude cha katikati. Isipozunguka, mkanda umekatika. Acha kupima plagi.

Rota ikizunguka, tafuta moto. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, laza chuma chake kwenye injini, mtu apige stata. Unataka cheche ya bluu yenye mlio. Usifanye hivi palipomwagika petroli, na usiache waya ukining'inia bila plagi, maana unaweza kuua koili, ambayo kwenye nyingi za hizi imo ndani ya distribyuta na si rahisi kwa bei. Hakuna moto? Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Moja, nafasi, nne: hiyo ni 14, kompyuta haipati jibu la mfumo wa moto. Moja, nafasi, mbili: ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta haifiki.

Moto ukiwepo, nusa plagi ulizochomoa. Zikiwa zimelowa petroli, injini imezama. Zikaushe, kisha piga stata huku umekanyaga mafuta mpaka chini. Zikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Hapo anza na swali la aibu: mafuta yapo? Geji za magari haya zimezeeka, sindano inaweza kugandia robo tangi wakati chini pakavu. Mimina lita chache kutoka kwenye kidumu kwanza. Kama bado, rudi kwenye kile kiboksi, unganisha +B na FP, washa swichi, sikiliza nyuma chini ya kiti. Pampu ikivuma na gari likawaka, pampu haina kosa. Tafuta rilei yake au waya. Ikikaa kimya, hakikisha umeme unafika kwenye soketi yake ndipo uihukumu. Pampu hupozwa na petroli inamokaa, ndiyo maana wanaotembea kila siku taa ya mafuta kuisha ikiwaka huziua mapema.

Ukimbusti mtu, yaani kumwashia gari kwa betri ya gari jingine, waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Otomatiki usiisukume, hautapata kitu zaidi ya jasho. Na ile tabia ya kuchomoa betri injini ikinguruma "kupima altaneta" (mashine inayochaji betri) iacheni. Umeme hupanda ghafla na kompyuta ndiyo inayolipa. Mita ipo. Gari likishawaka, kabla mteja hajaondoka, pima kwenye betri: 13.8 mpaka 14.5 altaneta inachaji. Ukisoma 12.3 na inazidi kushuka, zima, mwambie akae, kwa sababu akifika sheli ya kwanza atakupigia tena.