Kuhusu kumbukumbu ya Bibi yako

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama Bibi anasahau kwa sababu hakusoma, na kama sisi wanawake tunawahi kusahau kuliko wanaume. Hilo la pili si kweli kirahisi hivyo. Wanaopima kumbukumbu za wazee huona kwamba, kwa wastani, wanawake huwazidi wanaume wakisomewa orodha ya maneno na kuambiwa wayarudie. Ila India, ambako wasichana wengi wa rika la Bibi hawakupelekwa shule, wanawake wazee hupata alama za chini kuliko wanaume. Basi tuanze kwa kuuliza nani alinyimwa daftari.

Kwetu unamjua. Ada ilitosha mtoto mmoja, akaenda kaka yake. Bibi alishika kalamu kwenye kisomo, mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mimi nikiwa mgongoni.

Ndiyo maana siku ile ya kliniki inaniuma mpaka leo. Kijana alimwambia achore saa, kisha atoe saba katika mia, aendelee kutoa. Bibi akanitazama mimi. Akaandikiwa alama mbaya. Jioni ileile akanitajia, mmoja mmoja, waliokopa sufuria kwenye msiba wa babu yako na hawajarudisha!

Nimesema siku zote: shule haimpi mtu akili, inampa njia ya kuionyesha. Lakini hapo najibishana na nafsi yangu, maana waliosoma miaka mingi kweli hufika uzeeni na kumbukumbu nzuri zaidi, na kukosa elimu utotoni kunatajwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau. Tena kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, sasa ananiita kwa jina la shangazi yako. Inaonekana elimu humwanzisha mtu juu zaidi, ila haipunguzi sana kasi ya kushuka.

Je, Bibi angesoma angekuwa na nafuu? Natamani sana kusema ndiyo, ili yule aliyegawa ile ada abebe lawama. Baba yake ni marehemu. Naliacha hapo.

Juzi ameniuliza babu yako atarudi lini. Kwa hiyo anasahau, sikatai. Tutampeleka kwa daktari mwingine, na safari hii nitataka kwanza aulizwe alisoma hadi darasa la ngapi. Ukipata ruhusa kazini, twende wote.

Mama yako