Karafuu na hiliki: kuchagua, kununua na kuzihifadhi zisipoteze harufu

Chukua punje moja ya karafuu uibane kwa ukucha, chini kidogo ya kichwa. Ikiwa nzuri, mafuta yatajitokeza na ukucha utang'aa. Ikitoka vumbi tu, mwachie muuzaji karafuu zake hata akipunguza bei. Harufu yote imo katika mafuta hayo, ambayo katika karafuu nzuri hufika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake.

Kisha tazama rangi. Karafuu iliyokaushwa vyema ni ya kahawia yenye wekundu, ngumu, na kichwa chake cha mviringo bado kimekaa juu ya meno yake manne. Zilizopauka na kujikunja zilivunda kabla ya kukauka. Karafuu mbichi zikilundikwa usiku kucha ndani ya gunia hupata joto zenyewe, zikaanza kuchacha. Jua la kesho yake hukausha kitu kilichokwisha kuharibika. Zinatakiwa zichambuliwe siku ile ile ya kuchumwa, zianikwe nyembamba juu ya jamvi na kugeuzwa mara kwa mara, siku 4 au 5 za jua kali. Kilo 3 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Mvua za vuli zikiingia katikati ya uanikaji, hapo ndipo karafuu mbovu huzidi sokoni, kwa hiyo ukinunua karibu na mwisho wa mwaka kuwa mkali zaidi. Ivunje moja: iliyokauka hukatika kwa mlio, yenye maji hupinda.

Ukiwa bado na shaka, tia punje kumi katika gilasi ya maji. Nzuri huzama, au husimama wima kichwa juu. Zinazolala ubavu zimekwisha mafuta.

Karafuu ya unga usinunue kabisa. Makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, yana mafuta pia, lakini ni kama asilimia 5 au 6 tu. Mahali pake ni kiwandani, kama kile cha Wawi kule Chake Chake, Pemba, kinachokamua mafuta yake. Yakisagwa na kuchanganywa na karafuu, jicho haliwezi kuyatambua.

Kwa matumizi ya nyumbani, pakiti ndogo za madukani, sokoni Darajani mjini Unguja au Chake Chake, zinatosha, mradi uruhusiwe kufungua na kunusa. Gunia la bei rahisi linalopitishwa kichochoroni liache: karafuu za mkulima huuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ni kosa. Gramu 50 ni karibu punje 500. Birika la lita 1 la chai linataka punje 3 au 4, pilau ya kilo 1 ya mchele kama 10. Hesabu mwenyewe, utaona pakiti hiyo inakupeleka miezi mitatu. Hakuna haja ya kununua nusu kilo.

Hiliki nayo inunue ikiwa ndani ya ganda, la kijani na lililofunga. Ganda lililogeuka jeupe limekaa sana juani. Pasua moja: mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata kidogo, zikiwa kavu na za kahawia, chai yako haitanukia. Mbegu zilizomenywa hupoteza harufu haraka, kwa hiyo menya za siku hiyo tu.

Kwenye kuhifadhi ndiko wengi wanakoharibu. Rafu iliyo juu ya jiko ni mahali pabaya kuliko pote, maana joto na mvuke hufika kila siku. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, ndogo kiasi cha kujaa, kwani hewa iliyobaki juu ndiyo inayokula harufu. Makopo ya plastiki, hasa yale magumu yanayong'aa, hulainishwa na mafuta ya karafuu yakapoteza mng'ao na kunata. Weka kabatini penye giza, mbali na majani ya chai na unga, ambavyo hunyonya harufu upesi. Ukiweka kwenye friji, itoe chupa usubiri ubaridi wake uishe kabla ya kuifungua. Ukifungua ikiwa baridi, hewa yetu yenye unyevu hugeuka maji juu ya punje.

Masika yakizilowesha kidogo, zitandaze kwenye ungo juani tangu asubuhi hadi alasiri, kisha ziache kivulini zipoe ndipo uzirudishe chupani. Zikifungwa na joto lake hutoa jasho, na wiki ya pili utakuta ukungu. Zenye harufu ya uvundo zitupe, jua haliziponyi.

Kusaga, tumia kinu, kiasi cha kutumia leo. Kama ni mashine, ibonyeze kidogo kidogo uipumzishe. Ikipata moto, ile harufu nzuri unayoisikia jikoni ndiyo iliyokwisha kutoka kwenye kiungo chako.