Maswali ya Wasomaji: Kikao cha AA Nitakipata Wapi?

SWALI: Nauza mitumba hapa Malaba, upande wa Uganda. Jioni nakaa kwenye malwa, ile pombe ya chungu ya kunywa kwa mirija, na wenzangu, na siku hizi asubuhi mikono inatetemeka, siwezi kufungua kufuli la kibanda mpaka nimeze waragi kidogo, ile pombe kali. Nimesikia kuna vikao vya AA vya watu wanaoacha pombe. Kwenye simu naona vya Kampala tu, na jirani yangu alienda kimoja akakuta geti limefungwa. Nianzie wapi?
*Mchuuzi, Malaba*

JIBU: Ndugu, anzia hospitali, kikao kifuate. Mikono inayotulia ukishaonja maana yake mwili umeizoea pombe. Ukiikata ghafla, unaweza kuanguka kifafa ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wapo wanaochanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Basi usijifungie chumbani kujikaza kiume. Nenda kituo cha afya, waambie wakuelekeze kitengo cha afya ya akili. Kwenu huko hospitali ya rufaa ni Mbale. Kampala kuna Butabika, yenye kitengo cha watu wa pombe na dawa za kulevya. Utapewa dawa ya kutuliza mwili kwa siku chache, kwa kipimo kinachopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1.

Daktari atauliza unakunywa kiasi gani. Hapo watu wa malwa hukosea. Chungu ni cha wote, maji ya moto yanaongezwa kila mara, nani atahesabu? Mwambie saa unayoshika mrija, saa unayouachia, na waragi wa asubuhi ni vifuniko vingapi au glasi ngapi. Usipunguze kwa aibu, kwa sababu dawa inapimwa kwa jibu hilo.

Sasa kikao. AA, yaani Alcoholics Anonymous, ilianza Marekani mwaka 1935, na sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada. Kapu la mchango hupitishwa, na mgeni halazimiki kuweka kitu. Pia hakuna kitabu cha mahudhurio. Ukiambiwa uandike jina, namba ya simu na saini, ndipo urudishiwe nauli, jua umeingia semina ya watu wengine.

Geti alilolikuta jirani yako lina sababu. Vikundi huazima vyumba, mara nyingi vya kanisa. Siku ya harusi chumba kinachukuliwa, kikao kinahamia kwingine, na orodha ya mtandaoni inabaki ya zamani. Kwa hiyo piga simu siku hiyohiyo kabla ya kupanda matatu. Uliza mambo manne: leo kipo? Mlango upi? Lugha gani? Ni cha wazi au cha ndani? Cha wazi huingia yeyote. Cha ndani ni cha wenye shida ya pombe peke yao. Saa nayo iangalie: 6:00 pm kwenye orodha ni saa 12 jioni, si saa 6.

Malaba hadi Kampala ni safari ndefu kwa kikao cha muda wa saa moja kila wiki, kwa hiyo kwako tunashauri vya mtandaoni. Programu ya bure ya Meeting Guide huorodhesha vikao, vya mtandaoni vikiwemo, na tovuti ya aa-intergroup.org ina vya mchana na usiku. Cha London cha saa 2 usiku kwao, kwetu ni saa 5 usiku wakati wao wa baridi, na saa 4 wakati wa kiangazi. Badilisha jina kwenye Zoom, programu ya vikao vya video, kabla ya kuingia, libaki moja tu, maana simu nyingi huanika majina yako yote. Zima kamera, bando litadumu. Ukifikiwa na zamu, sema "napita leo", hakuna atakayekubana.

Chagua saa ileile ya malwa. Kundi la malwa lina mwenyekiti, mweka hazina na utani wake. Ukiondoka pale saa 12 jioni bila pa kwenda, miguu itakurudisha.

Baadaye ukipata mwenzako mmoja, AA huhesabu wawili kuwa kikundi. Shikeni siku ileile, saa ileile, chumba kisichopakana na baa.

SWALI: Mume wangu hataki kwenda. Naweza kwenda mimi nikamweleze?
*Mama wa watoto 3, Jinja*

JIBU: Mama, cha wazi unaruhusiwa, ila usiende kama mjumbe wake, yanayosemwa mle hayatoki nje. Kwa ajili yako wewe kuna Al-Anon, ya jamaa za wanywaji tangu 1951, nayo ina vikao vya mtandaoni. Na kama mzee naye hutetemeka asubuhi, usimwage pombe yake kwa siri. Hatari ni ileile tuliyomweleza ndugu wa Malaba, na utakuwa naye peke yako usiku.